Hewa ya Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Wazo kubwa! Limenijia dukani, nikiwa nimekaa peke yangu kati ya mikebe ya unga wa mlonge na mafungu ya mizizi, nikiwatazama wateja wakipita mlangoni kwangu kama hawanioni na kuingia kwa Koti Jeupe.

Koti Jeupe ni mfamasia mwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara. Ana feni. Ana mlango wa kioo. Ana hilo koti, limepigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe. Watu wanamwita daktari na yeye hakatai. Mimi, niliyerithi elimu ya majani kwa babu yangu mzaa baba, naitwa Mzizi. Mtu mzima na heshima zake, Mzizi!

Nimegundua kasoro. Si dawa zangu, ni watu. Watu wa siku hizi hawataki dawa ya kunywa, wanasema chungu. Wanataka kitu cha umeme, kinachonguruma, chenye taa ya kijani. Na kitu hicho ninacho. Kipo nyumbani kwangu, chumba cha uani, ubavuni mwa kitanda cha Shangazi.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenilea wazazi wangu walipofariki. Mapafu yake yamekwisha kwa moshi wa kuni za kunipikia mimi. Hospitali wakaagiza akae na mashine ya oksijeni. Mashine inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, inaipitisha kwenye kichupa cha maji ili isimkaushe pua, kisha inampelekea kwa mpira mwembamba. Bila hiyo hafiki mbali. Lakini upo pia mtungi wa chuma wa akiba, kwa siku za umeme kukatika. Umekaa kona tu, haufanyi kazi yoyote.

Sasa hesabu ni rahisi. Mchana mashine ije dukani, Shangazi atumie mtungi. Jioni mashine irudi. Hewa ni hewa. Nani kaumia? Hakuna.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwambia Shangazi mashine inakwenda kwa fundi kuangaliwa, mchana tu, siku chache. Akauliza mbona haijaharibika. Nikamjibu kinga ni bora kuliko tiba. Akasema haya mwanangu, wewe ndiye unayejua. Roho ikaniuma. Ikapoa.

Mke wangu ni mpishi shuleni, hushinda kazini, kwa hiyo maswali ya ziada hayakuwepo. Nikaifunika mashine shuka, nikaisukuma kwa magurudumu yake hadi dukani. Ni nyumba chache tu. Nikaweka benchi. Nikaandika kibao: HEWA YA MITISHAMBA. PUMUA UPONE.

Fundi wa mashine aliwahi kuniambia kile kichupa ni cha maji safi yaliyochemshwa, maji matupu, na kila siku yamwagwe na kichupa kioshwe. Maneno ya mafundi! Maji matupu yana faida gani kwa binadamu? Nimechemsha mkaratusi, tangawizi, karafuu, na mizizi fulani ya babu ambayo jina lake limenitoka. Nikamimina humo humo, juu ya maji ya Shangazi yaliyokuwa yamebaki ya jana. Kuyamwaga ni israfu. Kikawa na rangi ya chai, kinatoa mapovu, kinapendeza.

Mteja wa kwanza, kinyozi wa jirani, analalamika kifua kinabana. Nikamvika mpira puani. Akafumba macho, akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyomruhusu. Alipoinuka akasema ni dawa kweli, ila amesikia harufu ya moshi wa kuni na ya sabuni ya kufulia, na amemkumbuka mtu fulani sana, tena hajui ni nani. Mchanganyiko wangu hauna kuni wala sabuni. Nikamwambia hiyo ndiyo dalili ya kupona.

Alhamisi, 7 Machi

Foleni! Kizuri chajiuza. Kaja mama fundi cherehani, kaja mwalimu mstaafu, kaja yule mpaka rangi wa kuta za nyumba, kaja na kinyozi tena na mashemeji zake. Koti Jeupe amesimama nje ya kioo chake, mikono mfukoni, hana wa kumwuzia hata kidonge cha kichwa. Nimempungia mkono. Hakupunga.

Kuna jambo dogo, naliandika ili nisilisahau. Watu wa benchi walikuwa wanapumua pamoja. Mabega juu wote. Mabega chini wote. Nikadhani macho yangu. Nikamtazama kinyozi kule kwake, tayari ameshahudumiwa na kwenda zake: mabega juu, mabega chini, sambamba na wa huku. Pumzi fupi ya kuingia, kituo, halafu ndefu ya kutoka yenye kafilimbi mwishoni. Nilihisi naijua pumzi hiyo. Sikukumbuka nimeisikia wapi.

Nikasema moyoni, huu ni umoja. Nimeongeza kwenye kibao: HULETA UMOJA.

Alasiri likatokea la pili. Mwalimu alikuwa anatusimulia watoto wa zamani walivyokuwa na adabu. Akanyamaza katikati ya neno, mdomo wazi, kidole kimeinuliwa. Na wengine wote wakatulia vilevile. Hakuna kifua kilichotikisika. Nzi alitembea usoni kwa mpaka rangi, kutoka shavuni hadi kopeni, na kope haikucheza. Nikaita. Hakuna aliyenijibu. Halafu wote wakashusha pumzi kwa pamoja, na mwalimu akamalizia neno lake pale pale alipoliacha.

Niliwauliza kimya kile kilikuwa cha nini. Wakaniuliza kimya gani.

Nilifunga duka mapema.

Ijumaa, 8 Machi

Leo imetokea asubuhi, ikatokea tena, ikatokea tena. Mchana nikaenda nyumbani kula, kichwa kizito.

Shangazi alikuwa amekaa kitandani karibu na dirisha, mpira wa mtungi puani, ananirudishia vifungo vya shati. Nikala huku namtazama. Akakata uzi, akaulowesha ncha, akainua sindano kwenye mwanga. Akabana pumzi ili mkono usitetemeke.

Kinyozi, ambaye huimba kutwa, akanyamaza. Cherehani ya yule mama ikasimama. Mtaa mzima ukawa kimya kama kaburini, nikasikia chakula kikishuka kooni mwangu. Uzi ukapita tunduni. Shangazi akashusha pumzi, ndefu, yenye kafilimbi mwishoni, na kinyozi akaendelea na wimbo.

Lahaula!

Nikamwomba atunge uzi tena. Akacheka, akauliza leo nimekuwaje. Akatunga. Kimya. Nikamwomba tena. Kimya. Sahani niliiacha.

Hapo ndipo Shangazi akaniambia, bila kuulizwa, kwamba siku hizi hajisikii mpweke. Akifumba macho ni kama chumba kimejaa wageni, wamekaa kwa adabu, kila mmoja na lake. Akaniuliza yule mwenye jino bovu la kushoto kwa nini haendi kuling'oa, linamnyima raha. Nikasema simjui mtu huyo. Mpaka rangi ana jino bovu la kushoto, analishika kutwa.

Mtu mwingine angeogopa. Hata mimi nimeogopa, nywele za kisogoni bado zimesimama. Lakini mwenye akili huogopa huku anafikiri.

Jumamosi, 9 Machi

Koti Jeupe kaja mwenyewe! Kavuka barabara na koti lake. Akasema mbele ya wateja kwamba amesikia ninapika mchuzi ndani ya mashine ya oksijeni. Akasema oksijeni ni dawa, ina kipimo, wengine inawadhuru, na kwamba Jumatatu anakwenda kwa wahusika. Akauliza mashine hii ni ya nani. Nikasema yangu. Akauliza mgonjwa wake yuko wapi. Nikasema hakuna mgonjwa, sote hapa wazima.

Uongo huo ulitoka haraka hata mimi nikashangaa.

Nikamwambia asiyeonja hawezi kuhukumu chumvi. Kiburi kikampanda. Akafuta mpira kwa spiriti kutoka mfukoni mwake (bila shaka anatembea nayo), akauvaa ili apime nguvu ya hewa. Akavuta. Akavuta tena. Uso ukamlegea, akawa kama mtoto aliyeitwa nyumbani. Akauvua, akauliza taratibu kama kuna mtu anafua hapa karibu. Akaenda zake bila kuaga.

Jioni, wakati nafunga, nimemchungulia. Amesimama nyuma ya kioo chake. Mabega juu, mabega chini, pamoja na wengine wote. Wahusika hawatamwona.

Jumatatu, 11 Machi

Mbinu ya leo sijapata kuifikia maishani. Kama Shangazi akibana pumzi Koti Jeupe anabanwa, basi Shangazi akicheka itakuwaje?

Nilingoja Koti Jeupe awe na mteja. Nikafungua dirisha la Shangazi, lile la ubavuni linalotazama barabara, pale ninapokiona kioo cha Koti Jeupe vizuri. Nikaanza kumsimulia siku niliyotumbukia kwenye pipa la chokaa nikamtokea jioni mweupe, akadhani ni marehemu baba. Huwa hamalizi kuisikia. Akacheka kwa kifua chote, machozi yakamtoka.

Ng'ambo, Koti Jeupe alikuwa anamweleza mama mmoja jinsi ya kumpa mtoto dawa ya minyoo. Mabega yakaanza kumruka. Kifua kikawa kinapanda na kushuka kwa kicheko. Lakini uso wake haukucheka. Pumzi tu ndiyo iliyocheka. Macho yake yalikuwa yamemkodolea yule mama, yamejaa hofu, kama anaomba msaada. Mama akambeba mtoto wake akatoka mbio.

Ushindi! Au ungekuwa ushindi, maana nilipogeuka niliwaona na wengine. Kinyozi na wembe mkononi. Mama fundi cherehani. Mpaka rangi juu ya ngazi. Wote wanacheka vifuani na hakuna aliyetabasamu. Barabara nzima. Nililenga mmoja tu.

Baada ya hapo Shangazi alikohoa muda mrefu. Akaomba maji. Akasema mtungi hautoi kama zamani. Nikatazama geji, mshale umekaribia pekundu. Nikamwambia geji hizi zinatia chumvi, hata hivyo kesho nitaupeleka ukajazwe. Akauliza mashine yake itapona lini kwa fundi. Nikasema karibu.

Dukani benchi lilikuwa linakohoa. Kikohozi kimoja, chembamba, na kila mtu ameweka mkono mahali pale pale, chini ya ziwa la kushoto. Mwalimu aliniuliza kwa upole kama kuna mtu anaumwa.

Jumatano, 13 Machi

Jana mtungi sikuupeleka. Foleni ilikuwa ndefu. Leo asubuhi vilevile. Nilijiambia mchana.

Kabla ya mchana mama fundi cherehani aliinuka kwenye kiti chake, akakaa chini, mgongo ukutani. Sikuelewa. Kinyozi akamwacha mteja na nusu ya kichwa, akakaa chini naye. Mpaka rangi akashuka ngazi, akakumbatia mguu wa ngazi. Pale kwenye benchi langu mwalimu alimwegemea wa pembeni yake, na wa pembeni akamwegemea mwingine. Hakuna aliyepiga kelele. Midomo ikifunguka na kufumbika, bila sauti, yote kwa wakati mmoja. Mashine yangu ilikuwa inawapa hewa puani na haikuwasaidia kitu.

Koti Jeupe alitoka nje ameshika mlango. Midomo imegeuka rangi. Yeye peke yake alijua anachokiona, ndiyo kazi yake. Akainua kidole. Hakukielekeza kwangu. Alikielekeza nyumbani kwangu.

Sijui nilivyochomoa ule waya. Gurudumu lilinasa mtaroni, nikaibeba mashine kifuani, mzigo wa watu wawili. Watu waliokaa chini kando ya barabara walinifuata kwa macho tu.

Shangazi alikuwa amelala ubavu. Mpira upo puani, mshale wa mtungi umelala. Shati langu liko chini, sindano bado imechomwa kwenye kifungo. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama mimi. Nikachomeka umeme. Nikakiona kile kichupa na uchafu wangu wa rangi ya chai, nikaumwaga dirishani, nikakiosha, nikatia maji yaliyochemshwa ya kwenye birika lake. Nikamvika mpira. Nikamshika mkono. Sikuwa na mpango wowote wakati ule, wala wazo, wala ujanja. Nilikuwa namwita tu. Nilimwita mama.

Kifua kikakaa. Kikakaa. Halafu kikapanda.

Kule nje mtaa mzima ulivuta pumzi pamoja naye, na pazia la dirisha lilivutwa nje likabaki limenyooka. Aliposhusha, likarudi ndani.

Alipopata sauti hakuuliza. Alisema tu: "Ulikuwa unawapa watu hewa yangu."

Nikaanza kueleza habari za fundi. Akafumba macho mpaka nikamaliza.

"Ungeniomba, mwanangu," akasema. "Ningekupa."

Alhamisi, 14 Machi

Wamekuja. Hakuna aliyewaita. Nimeamka nikawakuta uani, wamekaa chini kufuata ukuta: mwalimu, kinyozi, mama fundi cherehani, mpaka rangi, na wengine ambao hata majina yao siyajui. Koti Jeupe naye, koti amelikunja mkononi. Wanapumua. Wanajua.

Hawakunitukana. Ningependelea wanitukane.

Wamejigawia kazi. Koti Jeupe ameleta kile kibanio cha kidoleni kinachosoma hewa ya damu, kila saa anamvika Shangazi na kuwatangazia wenzake, na wao wanaitikia kwa vichwa. Ameujaza mtungi kwa gharama zake. Mwalimu anasimamia viatu mlangoni, vumbi lisiingie. Mama fundi cherehani ameshona mto wa kuegemea. Kinyozi ameruhusiwa kuimba, ila nyimbo za polepole. Asubuhi supu ililetwa haina chumvi, Shangazi akaitazama, akabana pumzi kidogo tu. Supu nyingine ikaja mbio.

Mke wangu amerudi kutoka kazini akauliza tangu lini tuna ukoo mkubwa hivi. Mwalimu akamweleza yote, kwa utaratibu, hakuacha kitu. Mke wangu akanigeukia. Akasema za mwizi ni arobaini, ila atanishughulikia mgonjwa akishapona, sasa hivi asingependa kumshtua.

Nikaingia chumbani kumjulia hali Shangazi. Vichwa vyote vikanigeukia kwa pamoja. Sikuelewa nimefanya nini, nilikuwa nimesimama tu. Ndipo nikajisikia. Ni mimi. Sikuwahi kuivuta ile hewa (sivuti kitu nisichojua kimechanganywa na nini), kwa hiyo napumua peke yangu, kombo. Wao wakishusha, mimi ninapandisha. Chumba kizima kilikuwa kinanisikiliza mimi.

Mwalimu akaniomba, kwa heshima zote, nipumue polepole au nikapumulie nje. Nimefukuzwa kwa sababu ya pumzi! Nyumbani kwangu!

Jumamosi, 16 Machi

Fundi wa mashine kaja, safari hii kweli. Akafungua nyuma, akatoa kichujio cha hewa, akakipiga kwenye ukuta. Likatoka wingu la vumbi la barabara na unga wa mlonge. Akauliza mashine hii imekaa wapi. Uani wote wakanitazama mimi, kwa pamoja, kama kawaida yao. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba mashine haiwezi kuendelea hivi, itachoka na kuzima. Akaniachia kichujio kipya. Kesho Shangazi awekwe kwenye mtungi kidogo, mashine izimwe, cha zamani kitupwe, hiki kitiwe. Kazi ya kitambo tu.

Koti Jeupe akanyoosha mkono akipokee yeye. Akasema kwa usalama wa wote. Kinyozi akamuunga mkono, mama fundi cherehani akamuunga mkono, benchi zima, yaani ukuta mzima. Nikasimama pale na kichujio mkononi kama mshtakiwa.

Ndipo Shangazi akaongea kutoka kitandani.

"Mwacheni afanye mwenyewe. Ni mwanangu, hawezi kuniua."

Koti Jeupe akashusha mkono. Nikatoka nikalia nyuma ya tangi la maji, nikaapa. Nimeapa kwa roho ya babu na ya baba. Kesho Shangazi atapata kilicho bora kuliko vyote duniani. Hata nikeshe.

Jumapili, 17 Machi

Kazi imekwisha, na imekwisha vizuri. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mke wangu ameenda kumtazama mama yake, nikapata utulivu wa kufanya mambo kitaalamu. Kwanza nimekichunguza kile kichujio cha fundi. Aibu tupu. Sponji! Kasponji keusi, kepesi, hakana harufu, hakana kitu. Nikakipuliza kwa mdomo, hewa ikapita upande wa pili ovyo ovyo, bila kizuizi chochote. Na hiki ndicho walichotaka kumtilia Shangazi wangu, mwanamke aliyenilea!

Nikatengeneza changu. Pamba safi, tabaka juu ya tabaka. Katikati majani makavu ya mkaratusi, yameshindiliwa. Vyote ndani ya soksi mpya kabisa, nimeishona mwenyewe kwa sindano yake. Nimekipuliza kwa nguvu zangu zote mpaka masikio yakaziba. Hakikupita kitu! Hakuna vumbi litakaloweza kupenya hapo, wala la barabara wala la mlonge. Nilikigongagonga kwa kiganja kikaingia, kikakaa barabara.

Nikamtoa Shangazi kwenye mtungi, nikamrudisha kwenye mashine. Akanipapasa kichwa, akasema ahsante mwanangu. Mashine ikaanza kunguruma kwa sauti nzito zaidi, sauti ya kazi. Ikawaka na taa ya njano ambayo sikuwahi kuiona, inakwenda vizuri na ile ya kijani. Baadaye ikapiga mlio mwembamba usiokatika. Mgonjwa anahitaji kupumzika, kwa hiyo nimetia nta kwenye vitundu vinavyotoa mlio.

Matokeo yamekuja papo hapo. Shangazi amelala, hajakohoa hata mara moja. Koti Jeupe, aliyekuwa anamvika kibanio, amelala amekaa, kidevu kifuani, kibanio kimebaki mkononi mwake. Mwalimu amelala juu ya viatu. Uani wote wamelala walipokuwa. Nikatoka barabarani nimtafute wa kumsimulia. Kinyozi amelala kwenye kiti cha wateja wake. Mama fundi cherehani ameweka shavu juu ya cherehani. Na jua bado liko juu!

Sijawahi kuuona mtaa umetulia namna hii. Nimesimama katikati ya barabara, nikavuta pumzi ndefu, kwa kelele zangu zote, na hakuna hata kichwa kimoja kilichogeuka.

Nimerudi chumbani, nimekaa ukingoni mwa kitanda chake. Mkono wake umepoa, nimemwongezea shuka. Kesho nitakwenda hospitali kuu kuwaeleza ugunduzi huu, maana wana mashine nyingi pale, na nina hakika zote zimetiwa sponji. Kwa sasa naandika taratibu, nisije nikawaamsha.